Tabaka la Rangi ya Krimu

Mimi kwa hasira sijambo. Naanza na hilo kabla watu wa nyumbani hawajakuambia, maana watakuambia. Wamenibandika jina la Mama Vigae kwa sababu ya kazi yangu. Nachimba mahali walipoishi watu wa zamani, naokota vigae vya vyungu vyao, mifupa waliyoitupa baada ya kula, majivu ya jiko lao, halafu nakaa kwenye meza ndefu ya stoo ya makumbusho nikijaribu kuelewa waliishije. Mjomba akinikuta kwenye shughuli yoyote ya familia lazima aniulize kama marehemu wangu hawajambo. Humjibu kwamba wananisumbua kidogo kuliko walio hai, na wote tunacheka.

Lakini kazi yenyewe naipenda, tena naipenda vibaya. Mwaka jana tulifukua nyumba moja ya kale kwenye kona ya mto, imebaki msingi wa mawe na sakafu ya udongo ulioshindiliwa. Tulikuta jiwe la kusagia limelika upande mmoja, tukajua aliyelitumia alikuwa wa mkono wa kushoto. Mbele ya jiwe, sakafu ilikuwa imebonyea mahali pawili, magoti yake hayo. Na pembeni, karibu kabisa na goti la kulia, palikuwa na kibonyeo kidogo kilicholainika na vijiwe vya mviringo vya kuchezea. Mtoto alikuwa akikaa hapo mama akisaga. Hakuna mtu duniani aliyemkumbuka yule mama, hata jina lake halipo, lakini nilijua alikuwa anamweka mwanawe upande gani. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikashindwa hata kula kwa furaha.

Sasa kazi hii ina sharti moja, na wanafunzi wanaokuja kujifunza kwangu nawaimbia hilo mpaka wanachoka. Usiguse kitu kabla hujakipiga picha pale pale kilipolala. Kipime, kichore, mwite mwenzako akione, ndipo ukinyanyue. Kuchimba ni kuharibu. Tabaka ukishalikwangua limekwenda, huwezi kulirudisha, na ushanga ukishatoka mahali pake unabaki ushanga tu, hausemi tena ulikuwa shingoni mwa nani. Kuna binti mmoja aliwahi kunyanyua ushanga akaniletea mkononi huku anatabasamu. Nilimfokea mpaka akalia. Wenzake wakanituliza, nikasema aliye na machozi akalie nje ya shimo.

Tulizaliwa wawili tu kwa mama, mimi na dada yangu mkubwa. Yeye alikuwa mpole, kama vile hasira zote za nyumba niligawiwa mimi. Alifariki kwa homa ya mapafu. Alifikishwa hospitali hali imeshakuwa mbaya, daktari akauliza mgonjwa alikuwa wapi siku zote hizo, na shemeji akajibu kwamba mke wake alikuwa anaficha maumivu. Tuliamini. Dada alikuwa mtu wa kuficha maumivu kweli.

Na shemeji ni mtu wa kuaminiwa. Nani atamsema vibaya? Mama yetu alipovunjika nyonga, ndiye aliyembeba mgongoni hadi kwenye gari. Hapandishi sauti, hanywi, kwenye misiba yeye ndiye wa kwanza kupanga viti na wa mwisho kuondoka. Baba mkubwa, ambaye tangu baba yetu afariki ndiye msemaji wa mwisho wa ukoo, anasema angekuwa na wakwe wengine kama huyu angezeeka vizuri. Dada alikuwa hatoki sana, hilo tuliliona, ila tulisema ni ndoa, na ni tabia yake, na ana mtoto mdogo. Nikipiga simu alikuwa anaongea kwa ufupi. Nilimkasirikia kwa hilo, nikakaa miezi bila kumpigia.

Tangu dada alazwe, mtoto wao alikuwa kwangu. Ndiye huyu nitakayekueleza. Ana miaka sita, mwembamba, macho makubwa, ana adabu hata inachosha. Nilimpa jina la Bibie, kwa sababu alikuwa hafungui mlango. Nasema kweli, hafungui. Akimaliza kuoga anasimama ndani ya bafu, kimya, anangoja. Asubuhi akiamka anakaa kitandani amevaa viatu, mlango haujafungwa hata na ufunguo, umeegeshwa tu, naye anangoja. Mimi napita na ndoo namwambia, "Bibie, mikono umeiacha wapi leo? Au unataka tarumbeta ipigwe?" Anatabasamu kidogo, anatoka. Nikasema moyoni, dada naye kazidi, kamdekeza mtoto hadi mlango afunguliwe.

Jamani, mimi huyo huyo ninayejua goti la mwanamke wa kale lilikuwa wapi.

Baada ya mazishi, shemeji alisema amehamishwa kikazi, anakwenda mbali, na atakwenda na mwanawe. Mimi nilitaka abaki kwangu. Sikuwa na sababu nzito, ila nilimwona mtoto ameanza kula, ameanza kuimba akijipaka mafuta, na nilimwona dada usoni pake. Baba mkubwa akanisikiliza kwenye simu hadi mwisho. Akasema baba ni baba, lakini kama nina sababu ya maana niilete kwenye kikao cha familia, wataipima. Kikao kingekuwa Jumamosi mchana, nyumbani kwa shemeji mwenyewe, kabla hajafunga virago.

Nilifika mapema na Bibie ili nikunje nguo za dada. Mlango wa mbele alinifungulia shemeji, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nijisikie nyumbani. Shangazi alikuwa jikoni anachemsha chai. Baba mkubwa na mjomba walikuwa sebuleni, na Bibie akaenda kukaa kwenye kochi katikati yao, magoti pamoja. Nikapita moja kwa moja hadi chumbani kwa dada.

Kwanza niliona sakafu. Ilikuwa saruji iliyopakwa rangi nyekundu ya kung'arishwa, na dada kwa usafi alikuwa hana mchezo, ilikuwa inang'aa kila mahali. Isipokuwa chini ya dirisha. Pale rangi ilikuwa imekwisha, saruji imebaki ya kijivu, sehemu mbili zilizokaa sambamba kama nyayo. Mtu hasimami mahali siku moja rangi ikaisha. Nikalitazama lile dirisha. Linatazamana na ukuta wa jirani, hapaonekani mtu wala mti, ni matofali tu. Sasa alikuwa anatazama nini?

Nondo za dirisha zilikuwa na rangi nyeupe. Mahali pawili, usawa wa kifua changu, nyeupe ilikuwa imelika hadi chuma kikaonekana kinang'aa. Mimi na dada tulikuwa kimo kimoja. Nikanyoosha mikono na viganja vikatua pale pale. Nikashusha macho. Chini zaidi, kwenye nondo hizo hizo, palikuwa na sehemu nyingine mbili zilizolika, ndogo. Nikapiga magoti. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemshonea Bibie gauni, vipimo vyake nilikuwa navyo kichwani bado. Zilikuwa usawa wa mabega yake, si ya mwaka juzi, ya sasa.

Nikageuka polepole nikautazama mlango. Nikatoka, nikauvuta, nikautazama kwa nje.

Mlango ulikuwa umepakwa rangi ya kijivu iliyofifia. Ila karibu na kitasa palikuwa na kipande cha mstatili, kirefu kidogo kuliko kiganja, ambacho kijivu chake kilikuwa kipya. Ndani ya kipande hicho palikuwa na vidoa vinne vilivyovimba. Kwenye fremu, mkabala wake, kipande kingine kidogo. Unajua kinachokaa hapo. Komeo. Komeo la kufungia watu kwa nje.

Na mimi nilikuwa naujua ule mlango. Walipohamia kwenye ile nyumba, mimi na dada ndio tuliupaka rangi ya krimu, juu ya buluu ya wapangaji wa zamani. Yeye anapaka, mimi nimeshika kopo, ananichora pua kwa brashi, tunacheka hadi jirani akachungulia. Kijivu kilikuja baadaye, kikapakwa na mtu mwingine. Kwa hiyo mlango mzima ulipaswa kuwa na buluu, juu yake krimu, juu yake kijivu cha zamani. Kama kwenye ule mstatili kijivu cha zamani hakipo, kukawa na krimu yetu halafu kijivu kipya tu, basi komeo lilifungwa juu ya krimu yetu, likazungushiwa kijivu likiwa pale pale, na limeng'olewa juzi. Hapo pana ushahidi ambao hata mtoto wa shule angeuelewa ukimwonyesha kidole.

Simu yenye kamera ilikuwa mkobani. Baba mkubwa alikuwa hatua chache kutoka pale. Nilipaswa kumwita aone kabla sijagusa, halafu nikwangue ukanda mwembamba sana, kwa ngazi, kila rangi ibaki inaonekana chini ya mwenzake. Nafundisha hivyo. Nimefokea watu kwa ajili hiyo.

Mwiko wangu mdogo wa kazini, wa chuma chenye ncha, hukaa mkobani kama wengine wanavyobeba kitana. Nikautoa. Nilikwangua kijivu kipya, kikatoka kirahisi, na krimu yetu ikatokea chini yake, safi kabisa, na alama za brashi ya dada ndani yake. Basi hapo damu ikanichemka. Sikuona tena mlango. Nilimwona dada amesimama dirishani ana homa, anatazama matofali. Nilikwangua huku nikisema moyoni, ulimfungia, ulimfungia, na mkono haukusimama, mlangoni hadi kwenye fremu. Nikaingiza ncha ya mwiko kwenye yale matundu ya skrubu nikachokoa puti ya mafundi iliyozibia, ilikuwa bado laini, inabonyea kwa ukucha, ikaanguka sakafuni vipande vipande. Mkono ulipouma ndipo nikaacha, nikaita kwa sauti, "Baba mkubwa, njoo uone."

Wakaja wote. Nikaeleza, maneno yakigongana mdomoni. Shemeji alisimama nyuma yao, akautazama mlango kwa muda mrefu, bila kukasirika. Kisha akasema taratibu, "Shemeji, pole. Una uchungu, na mimi nina uchungu. Hilo komeo tulilikuta, ni la wapangaji waliotutangulia. Nililing'oa kwa sababu lilikuwa linachana nguo."

Nikamwambia ni mwongo, komeo lilikuwa juu ya krimu, na krimu tuliipaka wenyewe.

Baba mkubwa akavaa miwani. Akainama, akapitisha kidole kwenye mlango. "Iko wapi hiyo krimu, mwanangu?"

Nikatazama. Palikuwa na mbao. Katikati ya mstatili wote palikuwa na mbao nyeupe iliyochunika, na matundu manne niliyoyapanua mwenyewe hadi yakawa mashimo. Pembeni palibaki mabaki ya rangi yaliyochanganyikana, hata mimi nisingeweza kuapa lipi lilikuwa juu ya lipi. Krimu yote ilikuwa chini, vumbi, juu ya viatu vyangu.

"Nimeikwangua," nikasema.

Hakuna aliyenicheka. Heri wangenicheka. Nikawavuta dirishani, nikawaonyesha nondo na sakafu. Mjomba, ambaye hana ubaya wowote, akasema mbona kila nyumba watu hushika nondo, hata kwake zimechubuka. Zile ndogo je? Watoto huning'inia, akasema. Na sakafu? Shemeji akasema pale palikuwa na cherehani. Dada hakuwahi kuwa na cherehani, lakini nani angejua? Mimi mwenyewe mara ya mwisho kuingia chumba kile sikumbuki ilikuwa lini. Kila nilichokishika kilikuwa na maelezo mengine, na maelezo yake yote yalikuwa ya kawaida, na yangu yalikuwa ya kutisha, yanatoka kwa mwanamke mwenye mwiko mkononi anayejulikana kwa hasira.

Tulipokuwa tunatazama dirisha nilisikia ufagio. Shangazi, kwa kunihurumia, alikuwa anazoa vile vipande vya puti na lile vumbi. Nilipiga hatua kumzuia nikachelewa, alikuwa ameshamwaga kwenye ndoo ya taka ya jikoni, juu ya majani ya chai. Akanishika bega. "Nyumba ya watu hii, mama. Tusimwachie mwenzetu uchafu."

Baba mkubwa ni mtu wa haki, sitamsingizia. Akasema basi aulizwe mtoto. Nilisema asiulizwe mbele ya baba yake. Akasema hapa hatuna siri, sote ni familia. Bibie akaletwa katikati ya sebule. Akaulizwa anataka kukaa na nani. Hakunitazama. Alimtazama baba yake kwanza, akausoma uso wake kama mtu anavyochungulia mvua, kisha akasema, "Na baba." Shemeji akampakata. Nikasikia watu wanashusha pumzi, na chai ikaletwa.

Sisemi alimuua dada. Sikuona hivyo, na nisichokiona sikisemi, hata kwa mtu nimchukiaye. Nasema palikuwa na komeo. Jumatatu nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa, mama mmoja mtulivu, alinisikiliza kuliko watu wangu wote. Aliuliza kama mtoto ana alama mwilini. Hana. Kama amewahi kusema lolote. Hajasema. Akauliza kuhusu mlango, nikamwambia niliuharibu mimi, na nilipopita asubuhi ile nikautazama kupitia dirishani, mwenye nyumba alikuwa ameshaleta fundi, unapigwa msasa. Akatazama mikono yake. Akasema ataomba wenzake wa kule wanakokwenda wapite kuwaangalia, wakipata nafasi.

Wakaondoka siku ile waliyopanga. Nilimvalisha Bibie lile gauni jipya. Gari likaja hadi mlangoni kwangu, nikamfunga kamba za viatu polepole kadiri nilivyoweza, nikamnong'oneza kwamba kwangu milango haifungwi, aje wakati wowote. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu yake ile. Alipofika kwenye gari akasimama mbele ya mlango, mikono ubavuni, anangoja. Baba yake akamfungulia. Mjomba aliyekuja kuaga akacheka, akasema kweli huyu ni Bibie.

Wiki nzima sikuingia chumba alichokuwa analala. Nilipoingia ilikuwa mchana, nimebeba shuka za kufua, na jua lilikuwa linapiga dirishani. Sisi wa kazi hii nyumbani kwetu hatufuti vumbi sana. Nondo zangu zilikuwa na vumbi juu hadi chini, isipokuwa mahali pawili. Usawa wa mabega yake. Katika nyumba yangu, mlango ukiwa wazi, mimi nikiwa jikoni nasikiliza redio, alikuwa anasimama pale.

Sikugusa. Niliweka shuka chini, nikaenda kuchukua kamera ya kazini, kijiti cha kupimia na taa. Nilipiga picha kutoka mbele, kutoka kila upande, kwa mbali na kwa karibu. Nikapima kutoka sakafuni. Nikachora. Nikamwita jirani akaja akaona, akauliza aone nini, nikamwambia aone tu. Ilikuwa kazi safi, ningempa mwanafunzi alama zote. Kisha nikakaa kitandani nikalia, kwa sababu sikuwa na pa kuipeleka.

Nikapiga simu jioni. Shemeji alipokea kwa furaha, akauliza habari za kazi, habari za baba mkubwa. Akasema wamefika salama, nyumba ni nzuri, ina nafasi. Nikaomba niongee na mtoto. "Bila shaka, shemeji, subiri nimpelekee."

Nikasikia hatua zake zikitembea kwenye sakafu tupu. Zikasimama. Halafu nikasikia chuma kinavutwa juu ya chuma, mara moja, kifupi, na mlango ukafunguka. Nilisikia kwa sikio langu. Sauti ile haikuacha kitu popote ambacho ningeweza kumwonyesha mtu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasubiri," akasema.

Pumzi za baba yake zilikuwa karibu na simu. Nilitafuta neno ambalo ningeweza kumwambia mtoto baba yake akiwa amesimama pale pale. Nikamuuliza kama amekula.